Mikokoni Gazi na familia: uliza mwezi kwanza

Familia nyingi za Mombasa hupanga safari ya mikokoni kama zinavyopanga kwenda kuogelea Diani. Jumapili ikifika watu wamevaa, chakula kimefungwa, twende. Wanafika Gazi saa sita mchana, siku ya maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kupwa sana, na kuukuta msitu umekaa kimya: tope limekauka juu, kaa wamejificha mashimoni, na wenye shughuli ni mbu tu. Watoto wanaizunguka njia ya mbao kwa dakika ishirini, kisha wanauliza soda iko wapi. Jioni nyumbani inasemwa kwamba mikoko haina cha kutazamwa, na kosa lilikuwa la tarehe.

Gazi iko Kwale, mwendo wa kilomita hamsini na kitu kusini mwa Mombasa, kando ya barabara ya Lunga Lunga, ukishapita Ukunda na kabla hujafika Msambweni. Msitu wake wa mikoko una zaidi ya hekta 600, na njia ya mbao inayopita ndani yake inaendeshwa na kikundi cha wanawake wa kijiji. Kwa mtu mwenye watoto wadogo au mzazi aliyekula chumvi, ni mahali pazuri kuliko hori nyingi za pwani yetu, kwa sababu unaingia katikati ya msitu bila kuzama kwenye tope. Lakini mbao hukufikisha tu, na utakachokiona ukifika kinategemea maji.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kila badiliko likichukua saa sita na dakika chache, na kila siku saa zake husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Wavuvi hawahitaji kuambiwa haya; wao huhesabu kwa mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana. Mwezi nusu huleta maji mafu. Kilindini, bandarini Mombasa, tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita 3, na siku za maji mafu hubaki mita 1 hivi. Hiyo mita 1 haifiki kabisa sehemu za juu za msitu, zile zenye miti ya mkandaa na mchu wa upande wa nchi kavu. Hukaa siku kadhaa bila kuloweshwa, na pasipolowa viumbe hawatoki.

Kuna bahati nyingine ambayo wageni hawaijui. Huku kwetu bamvua lina saa zake. Siku za mwezi mpevu maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Kwa hiyo mtu mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari ana nusu ya jibu: tafuta mwezi 14, 15 au 16, yaani tarehe hizo za mwezi wa Kiislamu, au siku za mwisho wa mwezi hadi mwezi mosi, na utapata maji yakipwa kati ya saa nne na saa tano u nusu asubuhi. Mwezi 7 au 8, na 21 au 22, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi kwa uvivu na kupwa jioni kwa uvivu. Halafu hakikisha dakika kwenye jedwali la maji la Kilindini, na mpigie simu mwenyeji wa Gazi siku moja kabla. Mpigie pia kwa sababu ya chakula, nitalifikia hilo.

Kuhusu msimu, Januari na Februari hazina mpinzani. Kaskazi inavuma, mvua hakuna, na vitwitwi, ndege wa matopeni waliotoka kaskazini ya mbali, wengine Siberia, wako bado. Huanza kufika Agosti na Septemba na wengi huondoka Aprili. Masika ya Aprili na Mei msiende na watoto: njia inateleza, mbu wamezaliana, na mito inayomwaga maji kwenye ghuba ya Gazi huleta udongo mwekundu unaoficha kila kitu.

Sasa ratiba yenyewe. Kosa la pili baada ya tarehe ni kuingia mara moja tu na kukaa muda mrefu. Ingieni mara mbili. Mara ya kwanza saa tatu asubuhi, maji yakiwa bado yanatoka, na mkae mpaka yamepwa. Tokeni, kuleni, watoto walale kidogo kivulini. Rudini tena kati ya saa nane u nusu na saa tisa u nusu, maji yakiwa yanapanda kati ya mizizi. Mtoto aliyeona kaa wakicheza kwenye tope asubuhi, akirudi alasiri akakuta samaki wadogo wanaogelea pale pale juu ya mashimo yao, ameshaelewa mikoko ni nini. Hakuna maelezo ya mtu mzima yatakayoshinda hilo. Mara zote mbili, dakika 45 hadi saa moja zatosha.

Kanuni ya wavuvi ya kugawa maji mafungu kumi na mbili inafaa ijulikane na kila mzazi. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Maana yake kati ya mwisho wa saa ya pili na mwisho wa saa ya nne, nusu nzima ya maji huingia. Siku ya bamvua hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu kwa muda wa saa mbili, kimo cha mtoto wa darasa la tano au la sita. Ndiyo sababu mtu aliyetoka kutembea mchangani kwenye ghuba, akaona mwanzoni maji hayasogei, hushtukia mkondo mdogo aliouvuka kwa miguu umekuwa mto nyuma yake. Ukitaka kutoka nje ya mbao na kwenda ghubani, nenda maji yakiwa bado yanatoka, na ikifika saa ya kupwa geuza uso nyumbani.

Kwenye mbao, tembeeni mmoja nyuma ya mwingine. Mbao iliyo juu ya maji ya chumvi huoza kuanzia kwenye misumari, kwa hiyo kanyageni pale mbao ilipolala juu ya mhimili, wala msikusanyike watu sita mahali pamoja kupiga picha. Kigari cha mtoto hakipiti. Mtoto mchanga abebwe mgongoni kwa leso. Mzee anayetembelea mkongojo atapita vizuri kama mkongojo una kipira chini, maana ncha tupu huingia kwenye nyufa. Mwacheni aende kwa mwendo wake na muongozaji mmoja, na watoto watangulie na mwingine.

Halafu simameni. Hili ndilo gumu kwa watoto na ndilo lenye malipo. Kaa husikia mtikisiko wa mbao na huona mtu anaposogea, na mkifika wote hupotea. Simameni bila kusogeza mguu kwa dakika tatu mpaka tano, na tope litaanza kuchemka. Kwanza watatoka wale wadogo, dume akiwa na gando moja kubwa kuliko mwili wake na jingine dogo la kulia chakula. Analipunga lile kubwa juu na chini, kuwaita majike na kuwatisha madume wenzake. Wape watoto kazi ya kuhesabu: wangapi wana gando kubwa upande wa kulia, wangapi kushoto? Kwa spishi nyingi hesabu hukaribia nusu kwa nusu, na mtoto wa miaka sita hatachoka kuihakikisha.

Tazameni pia vile vidonge vya udongo vilivyotapakaa kuzunguka mashimo. Vidogo ni mabaki ya chakula: kaa huokota tope, hulamba kilicho ndani yake na kutema kilichobaki. Vikubwa vimetoka kwenye kuchimba. Kaa wengine, wekundu au weusi wa gando nene, hukamata majani yaliyoanguka na kuyaburuta shimoni. Jani lingechukuliwa na maji kwenda baharini. Kaa huyu hulibakiza msituni, na mashimo yake huingiza hewa kwenye udongo usio na hewa. Samaki yule mwenye macho juu ya kichwa, anayerukaruka matopeni na hata kupanda mizizi, hupumua nje ya maji maadamu ngozi yake ina unyevu.

Watoto watalalamika kuhusu harufu. Waambieni si choo. Chini ya tope la juu hakuna oksijeni, na bakteria wanaoishi humo hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile ya yai viza. Chimbeni kwa kijiti: sentimita chache za juu ni kahawia, chini yake ni nyeusi. Katika weusi huo majani na mizizi huoza polepole mno, na kaboni yake hubaki humo miaka mingi. Sehemu kubwa ya kaboni ya msitu wa mikoko iko ardhini, na hilo kwa watu wa Gazi si nadharia. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni huuza haki za kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo msitu unaihifadhi, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kwa hekta 117 za msitu, kama tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka, na fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Mkilipa kiingilio, mjue mnaingia kwenye msitu wenye mahesabu.

Miti ijulikane kwa mizizi, kwani majani huchanganya hata wazoefu. Mkoko wenyewe husimama juu ya magongo yaliyopinda, kama mtu aliyeshika kiuno pande zote. Mchu huchomoza vijiti vyembamba kama penseli, mamia kwa mamia, kuzunguka shina. Mlilana, ulio mbele kabisa baharini, una vijiti pia lakini vinene chini na vyembamba juu. Muia hupinda mizizi kama magoti. Mkomafi una mizizi bapa inayojinyonganyonga juu ya ardhi kama mbao zilizosimamishwa kwa ubavu, na tunda la duara kubwa kama mpira, mbegu zake zikiwa zimebanana ndani kiasi kwamba ukizitoa huwezi kuzirudisha. Jaribuni, ni mchezo mzuri wa kumtuliza mtoto wa miaka kumi. Kenya ina aina tisa. Aliyetambua tano kwa siku moja amefanya vyema.

Lambeni jani la mchu. Mchu hunyonya chumvi na kuitoa jasho kwenye majani, na siku ya jua utaona chembe zake nyeupe. Mkoko haufanyi hivyo kwa sababu mizizi yake huchuja sehemu kubwa ya chumvi kabla haijapanda. Mkiona mlilana wenye ncha za matawi zilizokauka, sababu kubwa huko Gazi ni wadudu wanaotoboa mti kwa ndani, tatizo ambalo watafiti wamelifuatilia kwa miaka.

Hapa ndipo babu au bibi apewe nafasi. Vijana wengi wa mjini wanalijua neno boriti peke yake, ilhali waliojenga nyumba za udongo na makuti wanajua mpangilio mzima wa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Muulizeni ni mti gani ulifaa kwa dari, na kwa nini mkandaa ulipendwa kwa fito. Vyumba vya nyumba za kale za mawe, Lamu na Mombasa, ni vyembamba kwa sababu boriti haikuvuka zaidi ya mita mbili na nusu hivi bila kupinda. Boriti hizohizo zilipakiwa kwenye majahazi kwenda Omani na Ghuba, ambako miti mirefu iliyonyooka ni adimu, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Gazi yenyewe ilikatwa vibaya kwa ajili ya kuni za viwanda katika miaka ya 1970. Sehemu kubwa ya miti iliyojipanga mistari, mtakayoiona kutoka kwenye mbao, ilipandwa na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, pamoja na wanakijiji kuanzia miaka ya 1990.

Mkitaka watoto wapande, ombeni mapema na mpande mnapoelekezwa. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, nayo hurefuka kama rungu jembamba la kijani. Iliyokomaa hujulikana kwa shingo ya manjano pale inapoungana na tunda. Isiyo na shingo hiyo isichumwe. Chagueni iliyonyooka, isiyo na tundu la mdudu. Ncha kali ndiyo inayoingia udongoni, upande wa kichipukizi hubaki juu. Watoto huipanda kichwa chini, na si watoto peke yao. Isukumeni taratibu mpaka theluthi yake izame, bila kupigilia, kisha acheni nafasi ya mita moja hadi inayofuata. Miche mingi ya siku za sherehe hufa kwa sababu imewekwa mahali palipo wazi mbele ya bahari, kwa vile ndipo penye picha nzuri. Huko maji hukaa muda mrefu mno na mawimbi huing'oa. Mahali ambapo mkoko haukuwahi kuota, pana sababu.

Kama mtu wa familia ni wa ndege zaidi kuliko miti, afadhali mwende Mida, karibu na Watamu, ambako hori ni pana na vitwitwi hukusanyika kwa maelfu. Huko yupo yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, anayekwenda kuzaa kwenye mchanga wa Omani na Ghuba, akichimba shimo na kutaga yai moja. Unguja, Jozani ina njia ya mbao mikokoni pamoja na kima punju, na watoto wasiopenda kaa huokolewa na kima.

Mambo ya safari sasa, kwa haraka. Wa miguu feri ya Likoni ni bure, na ng'ambo kuna matatu za Ukunda, halafu za Msambweni au Lunga Lunga. Shukeni stendi ya Gazi na mmalizie kwa bodaboda au miguu. Wenye gari wanaweza kukwepa feri kwa barabara ya Dongo Kundu. Ili muwe mikokoni saa tatu, muwe mmeondoka mjini saa kumi na mbili u nusu. Jioni feri ina foleni yake, msitegemee kurudi upesi. Kila mtu lita moja na nusu ya maji, kwenye chupa za kudumu. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na chupa za plastiki za kutupa zimekatazwa kwenye misitu na fukwe tangu Juni 2020, mbali na mifuko iliyokatazwa 2017. Chakula agizeni kwa kina mama siku moja kabla, wali wa nazi na samaki, kwani hakuna anayekuna nazi za watu kumi kwa kubahatisha. Bebeni noti ndogo na M-Pesa yenye salio. Nendeni msalani kijijini kabla ya kuingia.

Gazi ni kijiji cha Waislamu. Kanga mabegani, na muombe ruhusa kabla ya kupiga picha watu. Ijumaa kuanzia saa sita u nusu hadi saa nane msitarajie huduma. Mwezi 15 wa Ramadhani bamvua lipo kama kawaida, lakini jiko halipo. Chakula cha watoto mbebe na wakile pembeni. Kabla ya kuondoka, pitieni jumba la Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896 na kukimbilia upande wa Wajerumani. Baadaye lilitumiwa kama shule.

Viatu ndivyo vinavyoharibu siku nyingi. Champali hazifai: tope huzinyonya na mguu hubaki peku juu ya chaza. Vaeni vya plastiki vya kufunga kwa nyuma. Chaza waliogandamana na mizizi hukata kama wembe, kwa hiyo anayeteleza asishike mzizi. Akikatwa, osheni kwa maji safi na sabuni papo hapo, toeni vipande vyote, na kama chanjo ya pepopunda ni ya zamani apitie zahanati. Anayezama tope hadi gotini asivute mguu kwenda juu, atazamisha wa pili. Aegemee nyuma au apige magoti ili uzito utapakae, azungushe kisigino mpaka maji yaingie chini ya unyayo, kisha autoe taratibu. Mkitembea kwenye maji ya kina kifupi ghubani, buruteni miguu bila kuinua ili samaki aina ya taa aliyelala mchangani apate kuhama. Mikono mirefu na dawa ya mbu kwa wote, hasa baada ya saa kumi jioni, wakati usubi nao huamka.

Tope jeusi likikaukia nguoni haliondoki kirahisi. Suuzeni kwa maji baridi mengi hukohuko Gazi, kabla ya sabuni na kabla ya gari kupata joto, na nguo nyeupe zibaki kabatini.